Jino limeacha kuuma: je, bado niende kwa daktari wa meno?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Gego la chini upande wa kulia limenisumbua karibu wiki mbili. Mwanzoni lilikuwa linauma nikinywa maji baridi, baadaye chai ndiyo ikawa balaa, na usiku silali. Duka la dawa walinipa amoksilini, nikameza siku tatu, ya nne maumivu yakakata. Sasa ni pale ninapotafuna tu ndipo linagusa kidogo, kama vile limekuwa refu kuliko mengine. Mume wangu anasema nikang'oe, mama anasema jino likishatulia liachwe, na dada yangu anasema jino lenye uvimbe halitolewi mpaka uvimbe uishe. Kuna haja ya kwenda hospitali wakati haliumi?"

Jibu: Marahaba, dada, na pole kwa kukesha.

Nenda, tena wiki hii. Kwa jinsi ulivyoeleza, jino hilo halijapona. Uwezekano mkubwa ni kwamba limekufa. Mtu aliyekosa usingizi wiki mbili haoni tofauti, maana yote mawili humrudishia usingizi. Lakini jino lililokufa lina kazi linayoendelea kuifanya chini kwenye mfupa, na kazi hiyo haina kelele.

Tulifungue jino kidogo. Nje kuna enameli, ngumu kuliko mfupa na haina hisia yoyote. Chini yake kuna dentini, ambayo ina vijitundu vidogo sana vinavyoelekea ndani. Katikati kuna chumba chenye nyama laini, neva na mishipa ya damu. Watu hukiita mshipa wa jino, mimi hapa nitakiita kiini. Damu yake inaingia kupitia tundu jembamba kwenye ncha ya mzizi. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kutanukia, kuta ni ngumu pande zote, basi presha inapanda humohumo ndani. Ndiyo maana ukijilaza, damu ikaelekea kichwani, jino linapwita kwa kufuata mapigo ya moyo, na ukiinuka ukakaa linapungua.

Ukizifuata dalili zako hatua kwa hatua utaona ugonjwa ulivyotembea. Shimo lilipofika kwenye dentini, baridi ikaanza kupenya. Katika hatua hiyo maumivu ni makali lakini mafupi: unameza maji, sekunde chache yamekwisha. Kiini bado kizima, kimeudhika tu, na jino likizibwa kinatulia. Halafu chai ikawa balaa. Maumivu yanayoletwa na kitu cha moto, yanayobaki dakika nzima au zaidi baada ya kumeza, yanayokuja yenyewe bila kuguswa na kukuamsha usiku, ni ya kiini ambacho hakiwezi tena kujiponya. Wapo wanaofika kliniki na chupa ya maji ya barafu mkononi, wakipiga funda kila baada ya dakika mbili, kwa sababu baridi ndiyo pekee inayowapa nafuu. Kisha siku ya nne kukawa kimya. Neva iliyokufa haiumi. Bakteria wamebaki ndani ya kiini kilichooza, wanatoka kupitia lile tundu la nchani na kuingia kwenye mfupa wa taya. Jino limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi nyembamba; nyuzi hizo zikivimba zinalisukuma jino juu kidogo sana, nalo linatangulia kugusana na la juu unapofunga kinywa. Huko ndiko "kuwa refu" kwako, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya niseme wiki hii, si mwezi ujao.

Unaweza kujikagua nyumbani kabla ya kwenda. Chukua mpini wa kijiko, ugonge taratibu juu ya gego moja moja, ukianza na mazima ya upande wa kushoto ili ujue kugongwa kwa kawaida kukoje. Jino lenye uvimbe nchani mwa mzizi litajitambulisha lenyewe. Kisha vuta shavu kwa kidole, mulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo, na utazame ufizi chini zaidi, kwenye usawa wa mizizi. Ukiona kipele chekundu au cheupe, kidogo kama punje ya mtama, kinachotoa majimaji yenye ladha ya chumvi au uchungu, kikanywea halafu kikarudi, hicho ni kitundu ambacho usaha umejichimbia ili utoke. Kwa kuwa umepata njia, presha haijengeki na maumivu hayaji; mtu anaweza kukaa na kipele hicho miaka huku mfupa unaliwa taratibu. Ya mwisho ni maji baridi. Jino zima hushtuka na kutulia. Lililokufa halishtuki kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakidhani limekuwa imara. Maji huyagusa meno kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kipimo hiki cha nyumbani hakina uhakika sana. Daktari hugusa jino mojamoja kwa pamba iliyopozwa.

Sasa amoksilini. Uliimeza siku tatu, jino likanyamaza, na ni rahisi kuhusisha hayo mawili. Lakini dawa husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Inaweza kupunguza uvimbe wa pembezoni kwa muda; ndani ya jino, kwenye pango la bakteria, haifiki kwa kiasi cha kutosha. Shimo halijazibwa, kilichooza hakijatolewa, kwa hiyo ugonjwa utarudi baada ya wiki au miezi, mara nyingi ukiwa na uvimbe. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga ya kawaida, maumivu mengi ya kiini na ya ncha ya mzizi yatibiwe kwa kulishughulikia jino lenyewe, si kwa antibayotiki, pale huduma ya meno inapopatikana. Dawa hizo zina nafasi yake: mgonjwa akiwa na homa, uvimbe ukiwa unasambaa usoni au shingoni, au mwili ukiwa hauna kinga ya kutosha. Hata hapo huandamana na kutoa usaha au jino, hazisimami peke yake. Tafadhali usirudi duka la dawa kuomba dozi nyingine ya amoksilini wala ya metronidazo. Kila dozi ya nusunusu inawazoesha bakteria dawa ambayo siku moja wewe au mtoto wako mtaihitaji kwa jambo zito zaidi.

Maumivu yakirudi kabla hujafika kliniki, dawa za kutuliza zipo na zinafanya kazi zikinywewa kwa kipimo. Mtu mzima asiye na tatizo la kiafya anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula kila baada ya saa 8, isizidi miligramu 1,200 kwa saa 24, pamoja na parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 kwa siku. Hizo mbili zikitumika pamoja hushinda kila moja peke yake, kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu, hazikuongezei nafuu, zinaliongezea tumbo na figo mzigo. La pili ni kumeza parasetamoli juu ya kidonge mseto ambacho tayari kina parasetamoli ndani, na ini ndilo linalolipa. Soma nyuma ya pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, aache ibuprofeni, abaki na parasetamoli mpaka aonane na mtaalamu.

Karafuu? Ndiyo, ina maana yake. Mafuta yake yana eugenoli, ambayo hutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kupata dawa ya kuziba jino kwa muda. Tatizo ni matumizi: mafuta ya karafuu yakimwagwa kinywani bila kupunguzwa yanaunguza ufizi na shavu. Tone moja kwenye kipamba kidogo, kiwekwe ndani ya shimo lenyewe, kisiguse nyama. Maji ya chumvi ni salama zaidi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, usukutue taratibu mara tatu au nne kwa siku. Yanasafisha mabaki na kupoza ufizi, hayaponyi kiini. Kidonge cha aspirini kilichobanwa shavuni, ugoro, petroli na maji ya betri, hivi nakuomba usiruhusu mtu akuwekee. Kinachofuata ni kidonda cha kuungua juu ya jino bovu. Na anayekuambia atakufukiza moshi na kukuonyesha wadudu waliotoka kwenye jino, pesa yako ibaki mfukoni. Jino halina wadudu wa kuonekana kwa macho. Shimo linachimbwa na asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari tunayokula.

Niliyosema "wiki hii" hubadilika kuwa "sasa hivi, hata usiku wa manane" ukiona mambo fulani, na hapa naomba usome taratibu, umsomee na mumeo. Mizizi ya magego ya chini ya pili na ya tatu hushuka chini ya msuli unaobeba sakafu ya kinywa. Usaha wake ukitoboa mfupa kwa ndani, hauelekei shavuni. Unaingia chini ya taya na kusambaa hadi upande wa pili. Ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inazibika. Daktari wa Ujerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na bado unaua, kwa kuwa huweza kutoka uvimbe mdogo hadi kukosa pumzi ndani ya saa chache. Dalili zake ni uvimbe mgumu chini ya kidevu au pande zote za taya, ulimi kuinuka, kushindwa kumeza hata mate mpaka yanachuruzika, na sauti kubadilika kama mtu anayeongea na chakula kinywani. Kipimo kingine ni vidole: mtu mzima kwa kawaida anaweza kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kikianza kuingia kimoja tu, maambukizi yameshafika kwenye misuli ya kutafunia. Kwa meno ya juu, hatari ni uvimbe unaopanda hadi jicho likashindwa kufunguka. Homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na uvimbe wowote wa uso inaingia humohumo. Hayo yote ni ya hospitali kubwa yenye wodi na chumba cha upasuaji, si ya kusubiri foleni ya kliniki ya meno Jumatatu. Mwenye kisukari apunguze subira zaidi ya wengine, maana maambukizi yanapandisha sukari, nayo sukari inayalisha maambukizi.

Dada yako amerudia jambo linalosemwa karibu kila nyumba, kwamba jino lenye uvimbe halitolewi. Lina chanzo chake: sehemu yenye usaha ina asidi, na ganzi hufanya kazi hafifu ndani ya asidi, kwa hiyo aliyechomwa ganzi palepale kwenye uvimbe huenda aliumia, akawasimulia wenzake. Lakini kwa gego la chini, sindano huchomwa nyuma ya taya, mbali na uvimbe, pale neva inapoingia kwenye mfupa. Ganzi ikikolea utahisi nusu ya mdomo wa chini imekuwa nzito. Usipohisi hivyo, sema kabla hawajaanza, wataongeza. Kulitoa jino au kulifungua kunatoa usaha, na hiyo ndiyo tiba ya uvimbe wenyewe. Kusubiri uishe ni kuupa muda wa kutafuta pa kwenda.

Mume wako yuko sawa kwamba uende, ila kung'oa si njia pekee. Jino likiwa na ukuta wa kutosha juu ya ufizi linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi. Daktari anatia ganzi, anafungua jino kwa juu, anafuata mifereji ya mizizi (gego la chini mara nyingi lina mitatu, wakati mwingine minne) na kuisafisha kwa vijisindano vyembamba vyenye makali ya msasa, huku akiiosha kwa hipokloraiti ya sodiamu, dawa ya jamii moja na jiki, kwa kipimo cha kitabibu. Ikikauka anaijaza kwa utomvu maalumu unaofanana na mpira, kisha anaziba juu. Inachukua hudhurio moja hadi tatu. Gego lililotibiwa hivyo linapaswa kufunikwa kwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, la sivyo siku moja litapasuka ukitafuna mfupa wa nyama. Gharama yake ni kubwa kuliko kung'oa, kwa hiyo uliza bei yote mapema, kofia ikiwemo, na kama una bima uliza inalipa kipi. Kama jino limebomoka hadi kwenye ufizi, au huwezi kumaliza mahudhurio yote, kung'oa ni uamuzi mzuri kuliko tiba ya mzizi iliyoachwa katikati. Ujue tu kwamba pengo la gego hukaribisha la nyuma kuinama na la juu kushuka taratibu, basi ulizia pia meno ya bandia.

Kwa kuwa limeanza na shimo, mwombe akague na mengine. Shimo ambalo bado liko kwenye hatua ya "baridi, sekunde chache" linaweza kuzibwa bila hata mashine ya kutoboa: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono na pengo linajazwa saruji ya meno inayotoa floridi. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikatapakaa duniani, na haihitaji umeme. Ungefika kliniki ile siku maji baridi yalipokushtua mara ya kwanza, huenda hiyo ingetosha.

Zahanati nyingi hazina huduma ya meno. Anzia kituo cha afya chenye tabibu wa meno au hospitali ya wilaya, ukaulize kama wana eksirei, maana ndiyo inayoonyesha kivuli kwenye ncha ya mzizi na urefu wa mifereji. Nenda asubuhi, umekula, na ubebe pakiti za dawa zote ulizotumia. Taja presha, kisukari, mzio, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama una mimba au unanyonyesha. Mimba haikuzuii kutibiwa jino. Ganzi ya kawaida ya lidokeini hutumika, na mwezi wa nne hadi wa sita ndio wenye raha zaidi kwenye kiti, lakini jino lenye usaha halingojei mwezi.

Kwa msomaji mwingine ambaye dalili zake hazifanani na zako: maumivu yaliyozidi siku mbili ni ya kuonana na daktari. Jino linaloshtuka kwa barafu bila shimo linaweza kupewa siku kadhaa za dawa ya mswaki yenye floridi. Magego ya juu yakiuma kadhaa kwa pamoja na kuzidi ukiinama, ukiwa na mafua, yawezekana shida iko kwenye uwazi wa mfupa wa shavu. Na taya linalouma unapopanda ngazi na kutulia ukikaa, hasa likiandamana na kubanwa kifua au jasho jembamba, ni la kukimbiza hospitali kwa ajili ya moyo. Mzazi naye asiseme "ni la utoto, litatoka": gego la utoto la nyuma hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12, na nyuma yake, karibu na miaka 6, huota gego la kudumu ambalo wengi hudhani ni la utoto.

Ukiamua kung'oa, ng'ata pamba au gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kwa nguvu dakika 30 bila kuichungulia kila mara. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na usivute sigara, kwa sababu lile bonge la damu kwenye shimo ndilo kifuniko cha mfupa. Damu ikiendelea, weka gozi jipya na ung'ate dakika 30 nyingine. Ikigoma tena, rudi kliniki siku hiyohiyo. Kuanzia siku ya pili sukutua maji ya chumvi kila baada ya kula. Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakigeuka siku ya tatu au ya nne, yakapanda hadi sikioni na kinywa kikaanza kunuka, bonge limetoka na mfupa uko wazi. Rudi ulikong'olewa, waoshe shimo na kuweka dawa ndani yake. Nafuu mara nyingi huja siku hiyo.